Mche wa Mjini Unaponyauka: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo katika Nyanda za Juu Kusini

Mtu anapoona majani ya mche wake yamebadilika rangi, kwa kawaida hulishika jani, huligeuza upande wa chini kutafuta mdudu, kisha hushika njia kwenda duka la pembejeo kununua dawa. Katika miche mingi niliyoitwa kuitazama Iringa na Mbeya, iwe kando ya barabara, katika viwanja vya nyumba mpya au katika nyua za ofisi, chanzo hakikuwa huko juu kwenye majani bali chini, katika sentimita 30 za kwanza za udongo, na mara nyingi kilikuwa kimewekwa hapo na mikono ya mpandaji mwenyewe siku ile ya kupanda. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na koleo, na dawa ya kupulizia nimeiweka mbali, kwa yale matatizo machache yanayoistahili.

Unapokwenda kuutazama mche mgonjwa, beba kisu kidogo chenye makali, kipande cha nondo chenye urefu wa futi mbili hivi, koleo, na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Kisu ni cha kukwaruza gome mahali padogo, ukubwa wa ukucha: ukikuta rangi ya kijani na unyevu chini ya gome, sehemu hiyo ingali hai, na ukikuta kahawia kavu, imekufa, kwa hiyo unashuka chini kidogo kidogo hadi uipate kijani au uufikie udongo bila kuipata. Nondo ni ya kuchoma ardhini kando ya shimo, na maji ni ya kujaribia jinsi udongo unavyoyanywa. Kabla hujagusa chochote, muulize mwenye mche mambo manne: ulipandwa mwezi gani, nani anaumwagilia na kwa chombo gani, nini kilijengwa, kilimwagwa au kuchomwa mahali hapo katika mwaka uliopita, na kama mimea jirani nayo inaumwa. Hilo la mwisho hurahisisha mengi. Ikiwa mjakaranda, mparachichi na ua la misaipresi vimeharibika katika wiki moja, ni nadra sana kuwa ugonjwa, kwa sababu vijidudu vingi vya magonjwa ya miti huchagua jamii ya miti inayovifaa. Tafuta maji, baridi, moto au kemikali.

Majani yanalegea wakati udongo wa juu umelowa

Dalili hii huwachanganya watu kuliko nyingine zote, kwa kuwa mche wenye kiu na mche unaozama hulegeza majani kwa namna moja. Mizizi huhitaji hewa. Maji yakijaa katika vitundu vyote vya udongo kwa siku kadhaa, mizizi midogo hufa, na mche usio na mizizi hauwezi kunywa hata ukisimama ndani ya bwawa. Mwenye mche, akiona umelegea, huongeza ndoo nyingine, na hapo ndipo anapoumaliza.

Chimba kidogo kwa mkono, pembeni ya shina, hadi kina cha kiganja na nusu, kisha ufinyange udongo uliotoka huko chini. Ukiwa mkavu na wa kumumunyika ilhali juu pamelowa, mche una kiu: umekuwa ukimwagiliwa kikombe kimoja kila jioni, maji ambayo hulowesha uso wa ardhi na kupotea na jua la asubuhi. Ukiwa ni tope linalonuka kama mtaro, mche unazama. Mizizi yenyewe inathibitisha: ile iliyo hai ni myeupe au ya rangi ya maziwa na ni migumu, na iliyooza ni ya kahawia nyeusi, ambayo ukiivuta ganda lake huchomoka na kukuachia uzi mwembamba wa ndani mkononi.

Tatizo la kuzama hutokea zaidi mahali penye udongo mwekundu wa mfinyanzi, kama ulivyo katika sehemu nyingi za mji wa Iringa, na hasa pale shimo lilipochimbwa kwa sululu katika ardhi ngumu likabaki na kuta laini kama za chungu. Shimo la namna hiyo hupokea maji ya mvua kutoka pande zote na halina pa kuyatoa. Jaribio lake ni rahisi: chimba shimo jingine la futi moja karibu na mche, lijaze maji, liache linywe, kisha lijaze mara ya pili na kuangalia saa. Ikiwa baada ya kupita muda wa saa nane au tisa maji bado yamesimama, mahali hapo hapafai mparachichi, ambao mizizi yake huozeshwa upesi na vimelea vinavyosambaa katika maji, na hapafai miti mingine mingi bila marekebisho. Toboa kuta za shimo kwa sululu zielekee upande wa mteremko, chimba mfereji mdogo wa kutoa maji, au, kama mche ungali mdogo, uinue na kuupanda upya juu ya tuta la sentimita 30 hadi 40. Kuongeza mchanga chini ya shimo, jambo linalopendekezwa sana na mafundi wa bustani, hakusaidii, kwa kuwa maji hubaki yamenaswa katika bakuli lilelile la mfinyanzi.

Mbeya, ambako udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi na wenye vitundu vingi, mara nyingi hali ni kinyume chake. Maji hupita chini haraka, na mche unaomwagiliwa vizuri Jumatatu huwa na kiu Alhamisi. Huko ndoo moja ya lita 20 kwa wiki ni heri igawanywe mara mbili, lita 10 kila mara, ilhali kwenye mfinyanzi wa Iringa ndoo nzima mara moja katika siku saba hadi kumi hutosha mche wa mwaka wa kwanza wenye matandazo, yaani majani makavu au nyasi za kufunika udongo. Mimina polepole, ndani ya beseni la udongo lililojengwa kuzunguka mche kwa upana wa angalau futi moja na nusu kutoka kwenye shina. Maji yanayomiminwa shinani kwa haraka hutiririka barabarani na kumfaidia asiyehusika.

Mche umedumaa: haufi, haukui

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa malalamiko ya aina hii ndiyo mengi zaidi, na yana vyanzo vitatu ambavyo kwa nje vinafanana.

Cha kwanza ni kiriba, yaani mfuko wa nailoni ambamo mche huoteshwa. Mwaka mmoja niliitwa Kihesa, mjini Iringa, kutazama mgrevilea uliokuwa na umri wa miaka mitatu na kimo cha mtoto wa shule ya awali. Nilipolishika shina na kulitikisa, lilicheza ardhini kama mchi ndani ya kinu. Tulipochimba, tuliukuta mfuko mweusi wa nailoni ungali pale, umepasuka upande mmoja tu, na ndani yake mizizi ilikuwa imejizungusha yenyewe raundi kwa raundi, imebana kama ngata ya kubebea ndoo. Aliyepanda alikuwa ameukata mfuko chini akidhani mizizi itajitafutia njia. Mzizi ukishaanza kuzunguka huendelea kuzunguka, na kadiri unavyonenepa ndivyo unavyoikaba mizizi mingine na shina lenyewe. Hata kiriba kikiondolewa, mche uliokaa kitaluni muda mrefu kupita kiasi huwa tayari una mzunguko huo, kwa hiyo siku ya kupanda ni lazima kupitisha kisu wima katika pande tatu au nne za bonge la udongo, kwa kina cha sentimita moja au mbili, na kukata kipande cha chini kilichojikunja. Watu huogopa kufanya hivyo, wakidhani wanauua mche, lakini mzizi uliokatwa hutoa mizizi mipya inayoelekea nje.

Kwa mche uliokwisha kupandwa na kudumaa, subiri mvua zishike, mwezi wa Desemba au Januari, kisha fukua kuzunguka shina, ondoa nailoni yote na kata mizizi inayozunguka ikiwa bado ni myembamba kama penseli. Ikiwa imefikia unene wa kidole gumba na imelikumbatia shina, ng'oa na uanze upya. Mti wa namna hiyo unaweza kujikongoja miaka kumi, kisha ukaanguka siku ya upepo juu ya gari la mtu.

Cha pili ni ardhi iliyoshindiliwa na kujaa kifusi. Kiwanja kipya cha mjini hakina udongo kwa maana ya shambani. Kina kokoto, vipande vya tofali, mabaki ya lipu, na tabaka lililokandamizwa na magari ya mchanga. Choma nondo yako umbali wa mita moja kutoka kwenye mche: ikiwa haishuki zaidi ya kiganja kwa nguvu za mikono, hata mzizi hautashuka. Shimo la futi mbili kwa futi mbili kwa futi mbili, lililojazwa udongo mzuri na samadi katikati ya ardhi ya namna hiyo, ni chungu cha maua kilichozikwa. Mche huchangamka mwaka wa kwanza, watu husifu, kisha mizizi hugonga ukuta na ukuaji husimama. Dawa yake ni upana kuliko kina: legeza ardhi kwa sululu hadi umbali wa mita moja kila upande, kwa kina cha sentimita 30 tu, ondoa kifusi, na funika eneo hilo lote kwa matandazo ya majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, unene wa kiganja, ukiacha nafasi ya upana wa mkono kuzunguka shina.

Cha tatu ni tarehe ya kupanda, na hapa naomba niseme bila kuzunguka. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti hapa Tanzania huadhimishwa tarehe 1 Aprili, nayo inafaa sehemu za nchi ambako masika ndiyo kwanza yameshika. Sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mche unaopandwa tarehe 1 Aprili mbele ya wageni rasmi unapata wiki chache za mvua za mwisho, kisha unakabidhiwa kwa kipupwe cha Juni na Julai, halafu upepo mkavu wa Agosti na Septemba, bila mizizi ya maana. Ukiona safu nzima ya miche ya umri mmoja imedumaa au imekauka kufikia Septemba, uliza kwanza ilipandwa lini. Miche ya sherehe iendelee kupandwa, lakini ipangiwe mtu na ndoo hadi Novemba. Na mwenye uhuru wa kuchagua apande kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari, ardhi ikiwa imelowa hadi chini, ili mche upate miezi mitatu na zaidi ya kushika.

Majani ya njano

Angalia ni majani yapi. Ikiwa ni yale ya chini, ya zamani, yanayofifia yote kwa pamoja huku ya kileleni yakibaki ya kijani, mche hauna naitrojeni ya kutosha na unaihamisha kutoka kwa majani mazee kwenda kwa machanga. Debe moja la samadi iliyooza kabisa, au mboji, likitandazwa juu ya udongo na kufunikwa na matandazo mwanzoni mwa mvua, hutosha. Samadi mbichi ya kuku hapana, inaunguza.

Ikiwa ni majani machanga ya kileleni yanayogeuka njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani kama ramani ya mito, mche unakosa madini ya chuma, na mjini chanzo chake cha kawaida ni saruji. Mafundi waliosha karai na mapipa yao hapo, au kifusi cha lipu kilifukiwa shimoni, na udongo ukawa na uchungu wa chokaa unaozuia chuma kunyonywa hata kama kimejaa tele, kama kilivyo katika udongo mwekundu. Chimbua kifusi chote unachoweza kufikia, jaza udongo wa msituni au wa shambani, ongeza mboji, na usitie majivu ya jikoni. Hili la majivu nalisisitiza, kwa sababu ni desturi yetu kuyamwaga kwenye kila mti kama mbolea na kama kinga ya mchwa. Nayo huongeza hali ileile ya chokaa iliyoutia mche ugonjwa.

Kuna pia njano isiyo ugonjwa. Mjakaranda hupukutisha majani mwishoni mwa kiangazi, karibu na wakati wa kuchanua, na nimewahi kukuta mlinzi ameshika panga tayari kuukata mti mzima ulio hai kwa sababu "umekauka tangu mwezi wa nane". Kwaruza gome kwanza.

Kingo za majani zimeungua, katikati pazima

Maji hayafiki ukingoni mwa jani kwa kasi yanayopotea, au yanafika yakiwa na chumvi. Ikiwa ni upande mmoja tu wa mche, ule unaokabili upepo au ukuta mweupe unaorudisha jua, ni ukame wa upepo, na kinga ya gunia au makuti upande huo kwa msimu mmoja pamoja na matandazo humaliza kazi. Ikiwa ni pande zote, uliza kuhusu mbolea na maji ya kufulia.

Mbolea za dukani, UREA na CAN hasa, zikimwagwa kiganja kizima karibu na shina la mche mdogo, huvuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuilisha. Miche ya mjini katika mwaka wa kwanza haihitaji mbolea hizo kabisa. Mgrevilea nao ni wa jamii ya mimea iliyozoea udongo wenye fosforasi kidogo, kwa hiyo kuujazia DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, shimoni ni kuupa sumu kwa gharama. Kama kosa limekwisha kufanyika, kwangua mbolea inayoonekana, kisha mimina ndoo tatu au nne za maji safi polepole, siku moja, rudia baada ya wiki. Kwenye mfinyanzi usiotoa maji, punguza.

Maji ya kufulia ni suala la huruma zaidi. Septemba, maji ya bomba yakiwa ya mgawo, mama mwenye nyumba hawezi kumwaga maji safi kwenye mti, na haki yake. Maji ya suuza ya mwisho hayana neno. Yale ya kwanza yenye povu la sabuni ya unga, na yoyote yaliyotiwa dawa ya kung'arishia nguo, yaende mtaroni, kwa kuwa sodiamu iliyomo hujikusanya udongoni wakati wote wa kiangazi, pasipo mvua ya kuisafisha.

Mche umekuwa mweusi usiku mmoja

Ni jalidi, yaani baridi kali ya kugandisha. Njombe na Makete wanaijua vizuri, na mabonde mengine ya nyanda hizi huipata katika usiku wa Juni na Julai usio na mawingu wala upepo, hewa baridi inapoteremka mlimani na kutuama chini kama maji. Asubuhi majani huonekana kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na kufikia adhuhuri yamesinyaa na kuwa meusi. Kosa linalofuata ni kukata sehemu zote zilizoungua siku hiyohiyo. Usikate. Majani yaliyokufa yanakinga yaliyo chini yake dhidi ya usiku ujao, na mpaka halisi kati ya kilicho hai na kilichokufa hauonekani hadi machipukizi yatoke, pengine Septemba au Oktoba. Kwa siku zilizobaki za baridi, mwagilia mchana, kwa sababu udongo wenye unyevu hutunza joto la jua kuliko mkavu, na jioni funika mche kwa gunia juu ya vijiti vitatu, gunia lisiguse majani, kisha ulifunue jua likitoka. Katika mahali penye jalidi, nyasi kavu zinazofunika ardhi huzuia joto hilo lisipande usiku, kwa hiyo matandazo yasogezwe pembeni Juni na kurudishwa Agosti. Ni mojawapo ya hali chache ambapo ninashauri yaondolewe.

Shina lina jeraha, limebanwa, au linaegemea

Jeraha la kuzunguka shina karibu na ardhi lenye kingo zilizonyooka ni la fyekeo au mashine ya kukatia nyasi. Lenye alama za kutafuna hadi kimo cha kiuno ni la mbuzi. Pima kwa utepe au kamba ni sehemu gani ya mzunguko wa shina imepoteza gome. Robo hupona kwa kawaida yenyewe, nusu ina mashaka, na likizunguka lote mche hauna njia ya kushusha chakula mizizini, hata kama majani yatabaki ya kijani kwa miezi kadhaa na kumdanganya mwenyewe. Safisha kingo kwa kisu, acha pakauke. Kupaka rangi ya mafuta, lami au tope la ng'ombe hakuponyi kitu. Kinga ni kizimba cha fito kwa mbuzi, na kwa fyekeo ni kuhakikisha hapaoti nyasi karibu na shina, ili mfyekaji asiwe na sababu ya kufika hapo.

Kubanwa nakujua kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipanda mijakaranda kumi na miwili katika uwanja wa shule moja, nikaifunga kwenye vigingi kwa waya mwembamba wa kufungia nondo kwa kuwa ndio niliokuwa nao mfukoni, nikasahau. Niliporudi baada ya misimu miwili ya mvua, miche saba ilikuwa na uvimbe juu ya waya kama goti, na chini yake shina limebaki jembamba. Waya wenyewe haukuonekana, gome lilikuwa limeumeza. Mitatu ilikatika palepale upepo ulipokuja. Waya ulioingia namna hiyo ukatwe vipande na kutolewa kwa koleo la fundi umeme panapowezekana bila kuchimba gome jipya, na palipozama kabisa ukatwe tu katika sehemu mbili tatu ili usiendelee kukaza. Siku hizi nafunga kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, kwa umbo la nane, ulegee kiasi cha shina kuyumba kidogo, na kigingi kinafika theluthi moja tu ya kimo cha mche. Shina lisiloyumba halinenepi. Baada ya mwaka mmoja kigingi kinaondolewa. Mche ukianguka kinapoondolewa, tatizo ni la mizizi, rudi kwenye habari ya kiriba.

Mche uliozikwa zaidi ya shingo yake, yaani pale shina linapopanuka kukutana na mizizi, nao huegemea na kuoza polepole gome lake la chini. Fukua hadi upanuko huo uonekane. Ikiwa shina linaingia ardhini limenyooka kama mti wa bendera, umepandwa kina kirefu mno.

Mchwa, vidukari na wengineo

Mchwa huonekana sana katika sehemu kavu za Iringa, na karibu kila mara mche waliouandama ulikuwa umekwisha dhoofika kwa kiu au jeraha. Vunja njia zao za udongo shinani, sogeza matandazo, mwagilia ipasavyo. Oili chafu ya gereji, ambayo watu huimwaga kuzunguka shina, huua gome na kuharibu udongo kwa miaka; sijaona mche uliookolewa nayo.

Ua la misaipresi linalogeuka kahawia kuanzia ndani kwenda nje, likiwa na utando wa masizi na majimaji yanayonata kwenye vitawi, limeingiwa na kidukari wa misaipresi, mdudu aliyeonekana Malawi mwaka 1986 kisha akasambaa katika ukanda wetu. Matawi yaliyokwisha kuwa kahawia hayarudi kuwa ya kijani, kwa kuwa msaipresi hauchipui kwenye mbao kavu. Hapa dawa ya kupulizia ina nafasi, mapema, wakati wa ukavu, kwa ushauri wa afisa ugani au ofisi ya misitu. Kwa ua lililokwisha kauka zaidi ya nusu, ni nafuu kung'oa na kupanda mmea mwingine. Vidukari wa kawaida kwenye machipukizi ya miti mingine waondoe kwa vidole na maji ya sabuni ya mche iliyoyeyushwa kidogo sana.

Kuamua kung'oa

Ikiwa kisu chako kimeshuka hadi ardhini bila kukuta kijani, mche umekufa. Ikiwa kijani ipo katika sentimita 15 za chini tu na mche ni wa kupandikizwa, kama ilivyo miparachichi mingi inayouzwa Rungwe na Njombe, angalia kama machipukizi yanatoka juu au chini ya kovu la kupandikiza: yakitoka chini, utapata mti wa shina-mama, yaani lile la chini lililopandikiziwa, si ule ulioununua. Ikiwa uko chini ya nyaya za umeme na ni wa aina inayorefuka, kama mgrevilea au mlingoti (mkaratusi), uhamishe au uutoe ungali mdogo, kwa kuwa vinginevyo utakatwa kichwa kila mwaka maisha yake yote.

Usipande mche mpya katika shimo lilelile kabla ya kujua kilichoua wa kwanza. Toa udongo wote, utandaze juani, bomoa kuta za shimo kwa sululu ziwe na mikwaruzo na upana maradufu, ondoa nailoni na kifusi, na uliache wazi Oktoba na Novemba lipate mvua za kwanza. Zikishanyesha mbili tatu kubwa, nenda ukatazame maji yamekaa humo kwa muda gani.